Karafuu Moja Juu ya Kila Kidonge: Hotuba kuhusu Papita za Maziwa za Venezuela

Hotuba iliyotolewa kwa kikundi cha wapika vitafunio, Dar es Salaam, wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Dada zangu na wadogo zangu, hamjambo. Na ninyi akina kaka mliojibanza karibu na mlango, msiwe na wasiwasi, leo hatuwashi jiko.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliomba kitamu cha Pasaka kisichotaka oveni. Sababu aliitaja bila kuficha: wengi wenu hamna oveni, na wenye nayo wakiiwasha wanakaa wakiitazama LUKU inavyokimbia. Nikamwambia kitamu kipo, tena hakitaki hata mkaa. Kwao ni Venezuela, kule kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na wenyewe wanakiita papita de leche, yaani kiazi kidogo cha maziwa. Ni kidonge cha kutia mdomoni mara moja. Ndani ni maziwa ya unga yaliyokandwa kwa maziwa mazito ya kopo, nje ni sukari, na juu kabisa imechomekwa karafuu moja nzima. Basi. Yai hakuna, siagi hakuna, unga wa ngano hakuna.

Nilikijulia Madrid, nilipokuwa nafanya kazi jikoni na mama mmoja wa Valencia. Valencia ya Venezuela nasema, maana Hispania nao wana ya kwao, na yule mama alikuwa mkali ukimchanganyia. Madrid Wavenezuela ni wengi. Tangu uchumi wa nchi yao uporomoke wameondoka zaidi ya watu milioni 7, walio wengi wakaingia Kolombia, Peru na nchi nyingine za jirani, wengine wakavuka kwenda Hispania na Marekani. Mtu akihama namna hiyo habebi masufuria. Mapishi yanayodumu naye ni yale yanayowezekana popote penye duka la rejareja na meza safi, na papita ni mojawapo.

Sasa, kuhusu hii Pasaka niwe mkweli. Papita si kitamu cha Pasaka peke yake. Kule utaikuta kwenye meza ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, kwenye ubatizo, kwenye komunyo ya kwanza, imepangwa ndani ya vikombe vidogo vya karatasi. Ukimwuliza Mvenezuela vitamu vya Juma Kuu, wa kwanza kutajwa atakuwa arroz con coco, wali uliopikwa kwa tui, sukari, mdalasini na karafuu, ukaachwa upoe, ukaliwa kwa kijiko.

Naona mnatazamana. Ndiyo, wali wa nazi! Ila kwao huo ndio utamu wenyewe, haungoji samaki.

Baada ya hapo atakutajia majarete, unga wa mahindi uliopikwa na tui mpaka ukaganda, kisha buñuelos za muhogo, vidonge vya kukaanga vinavyomwagiwa shira ya papelón. Hiyo papelón ni sukari guru hii hii tunayoijua, wanaigandisha katika umbo la pia. Mazao ni yale yale ya kwetu, nazi, muhogo, mahindi na miwa. Kwa hiyo sioni ugeni wowote kusimama mbele ya watu wa pwani hii nikazungumzia jiko la Venezuela.

Na Juma Kuu lao, jamani, ni kubwa. Venezuela haina majira ya kuchipua kama Ulaya, ambako Pasaka inakuja na maua baada ya baridi. Wao wana kiangazi na mvua tu kama sisi, na Pasaka inawakuta mwishoni mwa kiangazi, vumbi limetanda na nyasi zimekauka. Kumbukeni hilo la ukavu, nitalirudia tukifika kwenye kukanda.

Juma linaanza na matawi. Pale Caracas upande wa kaskazini upo mlima wa Ávila, na wanaume wa mtaa wa Chacao, wanaoitwa palmeros, wanapanda mlimani kabla ya Jumapili ya Matawi na kushuka na makuti kwa ajili ya kubarikiwa. Kazi hiyo ilianza karne ya 18. Siku hizi hawakati ovyo, wanachagua majani na kupanda miche, na mwaka 2019 UNESCO iliuweka utaratibu wao kwenye orodha ya mifano mizuri ya kutunza urithi. Jumatano ni siku ya Mnazareti wa San Pablo, sanamu ya Yesu aliyebeba msalaba. Watu wanavaa zambarau, wazee kwa watoto, wengine wanatembea peku kwa nadhiri, na foleni inazunguka kanisa la Santa Teresa. Masimulizi yao ni kwamba mwishoni mwa karne ya 17 Caracas ilipigwa na tauni. Wakaitembeza ile sanamu mitaani, msalaba ukanasa kwenye mlimau uliokuwa umetokeza ukutani, malimau yakaanguka. Watu wakayaokota, wakawapa wagonjwa maji yake, wakapona. Alhamisi Kuu wanazunguka makanisa 7. Jumapili ya Pasaka jioni wanamchoma Yuda, sanamu ya matambara iliyojazwa fataki, na aghalabu huyo Yuda anakuwa na sura ya mwanasiasa fulani. Hapo nisiendelee.

Kuhusu nyama wanafunga, na samaki wa chumvi ndiye anayetawala. Lakini kwenye mbuga za Llanos wana mnyama anaitwa chigüire, wa jamii ya panya, anakaa majini na anaweza kufika kilo 50. Huyo wanamla Kwaresima yote, wakisema maadamu anaogelea, basi amehesabiwa na samaki. Kanisa kule limelifumbia macho jambo hili tangu zamani. Mama wa Valencia aliponisimulia nilidhani ananitania.

Katikati ya hayo yote shule zimefungwa, ndugu wamekuja kutoka mikoani, nyumba imejaa watoto, na jiko limekaliwa na samaki na masufuria ya mahindi. Hapo ndipo papita inapopata nafasi yake. Mtu mzima anapika, watoto wanakaa mezani wanaviringisha. Na sisi, kwa kuwa ni Pasaka, badala ya kiazi tutafinyanga yai.

Kila nikifundisha kitamu hiki linatoka swali moja, na leo naona dada yangu wa safu ya pili ameshaliandaa: kitamu cha makopo kinakuwaje cha jadi?

Venezuela ni nchi ya joto. Maziwa mabichi yakikamuliwa alfajiri, saa sita yameshaanza kuganda. Wazee wao waliyaokoa kwa moto na sukari. Kule Coro, katika jimbo la Falcón, pwani kame yenye mbuzi kila kona, maziwa yanachemshwa na sukari na kukorogwa mpaka yanakuwa donge zito la rangi ya kahawia, linakatwa vipande. Kwenye milima ya Mérida wana vitamu vya maziwa vinavyofinyangwa kwa mkono, vinapakwa rangi na kuviringishwa kwenye sukari mpaka vinang'aa. Hiyo ni kazi ya saa nyingi mbele ya sufuria, na mkono usipumzike, maana maziwa hayasamehe.

Kisha likaja kopo. Mmarekani Gail Borden alipata hataza ya maziwa mazito ya sukari mwaka 1856, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikayatangaza, kwa sababu jeshi lilihitaji maziwa yasiyoharibika. Miaka 10 baadaye, mwaka 1866, kiwanda kikafunguliwa Cham, Uswisi, na kampuni ile mwaka 1905 ikaungana na Nestlé. Siri ya kopo ni ndogo. Maji mengi yamevukizwa, sukari imeongezwa mpaka inakaribia nusu ya uzito wote, na sukari hiyo inayashika maji yaliyobaki kiasi kwamba vijidudu havipati cha kunywa. Maana yake, kazi aliyokuwa akiifanya mama wa Coro mbele ya moto, kiwanda kimeshamfanyia nusu yake.

Nusu ya pili ni maziwa ya unga. Venezuela iligundua mafuta mengi. Kisima cha Barroso kule Cabimas kilifumuka Desemba 1922 na dunia nzima ikasikia. Kwa pesa za mafuta nchi ikaagiza vitu vingi kutoka nje, maziwa ya unga yakiwemo, na bati la maziwa likawa kitu cha kawaida kwenye kabati la nyumba ya mjini. Mimi naona papita hizi zisizopikwa ni akili ya akina mama wa mjini walioyataka madonge ya bibi zao bila kusimama saa nyingi motoni. Wakachukua maji machache yaliyomo kwenye kopo, wakayapa unga ukavu uyanywe, wakapata donge. Kama umri wa kopo unakusumbua, kumbuka kwamba chai ya maziwa tunayoiita ya kwetu, na chapati, na maandazi ya unga mweupe, vyote vina cheti cha kuzaliwa ukikitafuta.

Lakini kopo likikukaba linakukaba kweli. Miaka ya 2010 maziwa ya unga yaliadimika Venezuela mpaka watu wanakesha kwenye foleni. Mwaka 2016 serikali ikaanza kugawa maboksi ya chakula yanayojulikana kama CLAP, na ndani yake mlikuwa na maziwa ya unga kutoka nje. Mwaka 2018 waandishi wa Armando.info, tovuti ya habari za uchunguzi, wakapeleka baadhi ya maziwa hayo kwa wakemia wa chuo kikuu cha Universidad Central de Venezuela. Ikaonekana mengine yana protini kidogo kuliko inavyotakiwa na wanga umezidi. Mtoto anapewa kikombe akidhani amekunywa maziwa.

Sisemi haya kwa siasa. Nasema kwa sababu ukisimama dukani hapa mjini kununua maziwa ya papita, mtihani ni ule ule. Kuna pakiti imechorwa ng'ombe mzuri, nyasi za kijani, na nyuma kwa maandishi ya siafu imeandikwa mafuta ya mimea. Hayo si mabaya kwa maana ya sumu, lakini papita yake inabaki imegandamana kwenye kaakaa. Igeuzeni pakiti. Tafuteni maziwa kamili, yasiyoondolewa mafuta, yenye mafuta ya maziwa kama asilimia 26 hivi au zaidi. Yaliyoondolewa mafuta nayo hayatufai, yanatoa donge linalonata mkononi na baada ya siku moja linakuwa la chengachenga. Kitamu hiki hakina pa kujificha, mama zangu. Keki ikiwa na siagi hafifu utaongeza vanila, utaongeza krimu, mgeni hatajua. Hapa ni maziwa na sukari, na ukikosea maziwa umekosea yote.

Haya, vipimo. Kopo 1 la maziwa mazito, lile la gramu 397. Maziwa ya unga gramu 300. Sukari laini ya unga, ile ya aisingi, gramu 150. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Pembeni wekeni bakuli la maziwa ya unga ya akiba, maana makopo hayalingani uzito wa uji wake na siku hazilingani unyevu. Wenyewe wengi wanatia sukari ya unga nyingi kuliko hiyo, hata sawa kwa sawa na maziwa. Mimi nimeipunguza makusudi. Kopo lenyewe limeshajaa sukari, na nje tunaviringisha sukari tena. Anayependa tamu zaidi aongeze, sitampeleka polisi.

Vikavu vyote vipite kwenye chekeche, mara mbili. Maziwa ya siku hizi mengi yana chembe kubwa ili yayeyuke haraka kwenye kikombe, na chembe hizo zikiingia kwenye donge bila kuchekechwa utazisikia kwa ulimi. Zisageni kwa mgongo wa kijiko ndani ya chekeche. Kisha fanyeni shimo katikati, mimineni kopo lote, korogeni kwa mwiko mpaka mwiko ukwame. Ukikwama, toeni mwiko, ingizeni mkono.

Hapa wengi wanaogopa. Donge linanata vidoleni, linaonekana halitaki. Msikimbilie unga. Kandeni dakika 5 kwanza, mkilikunja na kulisukuma kwa kiganja, kisha lifunikeni na kuliacha nusu saa. Maziwa ya unga hayanywi maji mara moja. Ukiongeza unga wakati bado linanata, baada ya nusu saa utakuwa na jiwe lenye nyufa, na hapo unaanza kutafuta maziwa ya kulainisha, mara limekuwa uji. Likishapumzika, lishikeni. Likiwa laini kama unga wa chapati uliokubali, na kidole kikiingia kinatoka kisafi, tayari. Likinata bado, sasa ndiyo mnyunyize ile akiba, kijiko kimoja kimoja.

Kuviringisha kuna namna yake, na yule mama wa Valencia alinisimamia hapo kuliko popote. Chukua kipande cha gramu 16 hivi. Kwanza kikamue ndani ya ngumi kwa nguvu, mara mbili tatu, mpaka nyufa zote zifungane. Ndipo ukiviringishe katikati ya viganja, na kila mzunguko ulegeze mkono, ule wa mwisho viganja vinakigusa tu. Ukikandamiza mpaka mwisho, kinatoka na mshipi katikati. Kwa yai la Pasaka, kikishakuwa duara, egemeza ukingo wa kiganja upande mmoja na ukisukume mbele na nyuma kidogo, kitachongoka upande huo. Viganja viwe vikavu. Vikinata, futa kwa kitambaa kikavu na ujipake maziwa ya unga. Wengine wanapaka siagi. Mimi siipendi, inazuia sukari kushika.

Na sukari iviringishwe pale pale, kidonge kikiwa bado na unyevunyevu wake. Ukimaliza vidonge vyote ndipo uanze sukari, vya kwanza vitakuwa vimeota ngozi na sukari itaanguka sinia nzima. Kwa hiyo kaeni wawili wawili, mmoja anaviringisha, mwenzake anapokea na kutia sukari. Kwa vipimo vile mtapata kama vidonge 50.

Sasa nirudi kwenye ukavu. Nimesema Pasaka ya Venezuela inaangukia kiangazi. Ya kwetu hapa pwani inaangukia masika. Papita yao wanaipanga kwenye sinia, hewa kavu inaikausha ngozi ya juu, ndani inabaki laini, wamemaliza. Hapa Aprili ukiacha sinia dirishani, sukari inavuta maji ya hewani, asubuhi unakuta vidonge vinatoa jasho na vimekalia dimbwi la shira. Watu wanalaumu vipimo kumbe ni mawingu.

Dawa zipo. Donge la masika likande liwe kavu zaidi kidogo. Fanyeni kazi mchana jua likiwepo, si usiku mvua inanyesha. Viwekeni mbele ya feni kwa muda wa saa 2 au 3, mkivigeuza mara moja. Vikishapata ngozi vifungeni kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, karatasi ya kuokea katikati ya kila safu. Na jambo ambalo nitawasihi: msiviweke kwenye friji. Najua mkono unataka kufungua friji. Kidonge kikitoka kwenye baridi na kukutana na hewa ya Dar, maji yanatua juu yake na sukari yote inayeyuka mbele ya mteja. Kama umevipikia mbali na siku yake, basi hifadhi donge lenyewe kwenye friji likiwa limefungwa vizuri na karatasi ya plastiki, siku ya kazi litoe, lipate joto la kawaida likiwa bado limefungwa, ndipo uviringishe. Nje ya friji, vikiwa kwenye chombo kilichofungwa, mimi sivivushi wiki moja.

Nimeiacha karafuu mpaka sasa kwa sababu ndiyo niliyokuja kuizungumzia, na haya mengine yote mngeweza kuyapata kwa mtu yeyote.

Kwenye picha mtaona papita zina karafuu juu, na haraka haraka mtasema ni pambo, ni kikonyo cha kiazi. Ni kweli inafanana. Halafu mtu anayepika kwa ajili ya kuuza anaanza hesabu: karafuu bei ghali, nitaweka tone la rangi, au zabibu kavu. Nimeziona hizo, nzuri kwa macho. Kula sasa. Ni utamu mtupu, kidonge cha pili hukimalizi.

Harufu ya karafuu inatokana na mafuta yake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, hiyo hiyo mafundi wa meno wanayoitumia kutuliza jino. Yujenoli inapenda mafuta kuliko maji. Ukiichomeka karafuu kwenye donge la maziwa kamili na kuliacha mpaka kesho yake, inaingia polepole kwenye mafuta ya maziwa kuzunguka pale ilipo. Mtu akitoa karafuu na kula, upande mmoja wa kidonge ni maziwa matupu na upande mwingine una ukali kidogo, unakufungua ulimi, na sukari inarudi kuwa tamu tena. Ndiyo sababu nawakataza maziwa yasiyo na mafuta. Na ndiyo sababu papita ya leo ni nzuri, lakini ya kesho ni nzuri zaidi.

Jamani, na karafuu hiyo ni yetu. Najua asili yake visiwa vya Maluku, kule Indonesia, na Zanzibar iliingia mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said akaamuru ipandwe, mashamba yakalimwa kwa mikono ya watumwa, tusisahau hilo tukijisifu. Kimbunga cha 1872 kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikapona zaidi, na mpaka leo ukisema karafuu unaisema Pemba. Tunaitia kwenye pilau, kwenye chai, kwenye kahawa, tunatafuna tukiumwa jino. Ila kuichomeka nzima kwenye kitamu cha maziwa na kuiacha ifanye kazi bila moto, mimi sikuwahi kuona hapa. Kashata za maziwa ya unga tunazo, na barfi za jirani zetu Wahindi, lakini huko ni iliki. Ilibidi nifundishwe na Mvenezuela, ugenini, kwa karafuu ya dukani iliyochoka.

Basi tusitumie iliyochoka. Kwenye papita inatakiwa karafuu yenye kichwa, kile kijidonge cha juu kikiwa kamili. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, msinunue, hayo ni ya kukamulia mafuta, hayana sura wala nguvu ya kutosha. Minya kwa ukucha chini ya kichwa. Karafuu nzima itaacha unyevu wa mafuta kwenye ukucha. Njia nyingine, zitupe chache kwenye glasi ya maji: nzuri inazama au inasimama wima, iliyoishiwa mafuta inalala juu. Kisha zipanguseni kwa kitambaa kikavu, msizioshe mkazitia maji. Chomekeni upande wa mkia, kichwa kibaki nje, kina cha nusu ya karafuu. Kwenye yai, iwekeni upande mnene.

Halafu kuna watoto. Karafuu nzima hailiwi, inatolewa kabla ya kuuma, na mtoto mdogo hajui hilo. Inaweza kumkaba, au akaitafuna ikamchoma ulimi na akakichukia kitamu chako maisha yake yote. Kwa hiyo kichwa kionekane wazi, na mtu mzima aitoe karafuu. Kwa watoto wadogo kabisa mimi nachomeka usiku, asubuhi naitoa mwenyewe na kukiviringisha tena kidogo kufunga tundu. Harufu imeshabaki ndani.

Kuhusu kuuza. Mtaniuliza rangi. Yai la Pasaka la waridi au la kijani hafifu, sawa, tone moja ndani ya donge, ila msitumie rangi ya majimaji nyingi, ni maji hayo na tumeshayazungumza maji. Kakao mnaweza, na Venezuela ina kakao ya sifa kubwa, ya Chuao, lakini kikishakuwa cha kakao kiiteni jina jingine. Nazi iliyokaushwa nje badala ya sukari ni nzuri mno wakati wa masika, haitoi jasho. Msiandike kwenye boksi kwamba ni kitamu cha kale cha Waswahili, kama nilivyoona watu wakifanya na vitu vingine. Andikeni Venezuela. Mteja anapenda kujua kinatoka wapi, na kwenye boksi hilo hilo muandike karafuu ya Pemba. Na kwenye kupanga bei hesabuni karafuu 50, vikombe vya karatasi, na saa zenu mlizokaa mnaviringisha. Nawajua, mnahesabu kopo na unga, mikono mnaitoa bure. Idi nayo ikifika, kitamu ni hicho hicho, badilisheni umbo tu.

Nimemaliza ya kusema. Mezani pana makopo 4, maziwa yameshachekechwa mara moja, ya pili mtachekecha wenyewe. Ndoo ya maji ipo kule nyuma na sabuni ya kipande, pete na bangili zivuliwe, na mwenye kucha ndefu atachomeka karafuu, haviringishi. Njooni watano watano, akina kaka wa mlangoni muanze.